Salamu za Oktoba 11: Amitabh Bachchan na Wale Tunaosahau Kuwashukuru

Kila inapofika Oktoba 11, barabara inayopita mbele ya nyumba iitwayo Jalsa, huko Juhu mjini Mumbai, hufurika watu. Wapo waliokesha kwenye treni, wapo waliovaa kama wahusika wa filamu za miaka ya 1970, wapo waliobeba picha kubwa zilizochorwa kwa mkono. Wanamngoja Amitabh Bachchan, mwigizaji mkongwe wa filamu za Kihindi, aliyezaliwa tarehe hiyo mwaka 1942 mjini Allahabad, mji ambao siku hizi huitwa Prayagraj. Mzee hutoka langoni, hukutanisha viganja kifuani, huwapungia mkono, kisha hurudi ndani. Wakati huohuo salamu zinamiminika kwenye mitandao kutoka kwa watu walio mbali kabisa na Mumbai, wakiwemo wa huku kwetu, Mombasa, Unguja, Tanga na Dar es Salaam. Mungu akuzidishie umri. Asante kwa yote uliyotupa.

Ninachotaka kukipima ni uzito wa salamu hizi. Wako wanaoona ni ushabiki mtupu: msanii alilipwa ujira wake, mtazamaji alinunua tiketi yake, hakuna anayemdai mwenzake. Leo watu wengi wenye maisha magumu wanampongeza tajiri kwa kuongeza mwaka, jambo ambalo hata hakulitolea jasho. Wako wanaosema kinyume, kwamba msanii aliyewachekesha na kuwaliza watu kwa zaidi ya miaka 50 ana haki ya kusikia asante angali hai. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili. Hata hivyo hoja za wale wa kwanza si za kupuuzwa, na mojawapo, nitakayoifikia, sijaona mshabiki aliyeijibu vizuri.

Nianze na sababu za kushukuru. Amitabh hakuingia kwenye sinema akiwa amebebwa. Sauti yake, hii inayotambulika leo kila mahali, ilikataliwa na Redio ya India alipoomba kazi ya utangazaji. Filamu yake ya kwanza, Saat Hindustani, ilitoka 1969, na nyingi zilizofuata hazikufanya vizuri sokoni, hadi mwaka 1973 ilipokuja Zanjeer. Hadithi ya Zanjeer iliandikwa na vijana wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, na waigizaji wakubwa walikuwa wameikataa nafasi ya inspekta Vijay kabla haijamfikia yeye. Ilikuwa India ya ukosefu wa kazi, mfumuko wa bei na rushwa, miaka miwili tu kabla ya serikali ya Indira Gandhi kutangaza hali ya hatari, Juni 1975. Watu walikuwa wamechoshwa na shujaa anayeimba bustanini. Vijay hakucheka, hakuimba, alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki.

Katika Deewaar, iliyotoka mwaka 1975, Vijay ni mtoto aliyechanjwa chale mkononi zikisema kwamba baba yake ni mwizi. Anakua, anakuwa kuli wa bandarini, na anavaa beji namba 786. Namba hiyo Waislamu wa Bara Hindi huihesabu kuwa ndiyo Bismillahi, na katika filamu mzee wa Kiislamu ndiye anayemweleza Vijay, ambaye hata hekaluni haingii, baraka iliyomo ndani yake. Mtazamaji wa pwani yetu hakuhitaji kuelezwa habari za kuli wa bandarini. Bandari ya Kilindini ilikuwa na makuli, ya Dar es Salaam ilikuwa nao, na walikuwa ni baba zetu na wajomba zetu. Watazamaji wetu hawakuielewa lugha ya Kihindi, na maandishi ya chini ya picha ama hayakuwapo ama yalikuwa ya Kiingereza. Waliisoma sura ya mtu.

Sinema za Kihindi zilikuwa na mizizi huku muda mrefu kabla ya Amitabh. Avalon na Empire kule Dar es Salaam, Majestic ya Unguja, Naaz na Regal za Mombasa, zote zilionyesha picha za Bombay, jina la zamani la Mumbai, na familia za Kihindi, Kiswahili na Kiarabu zilipanga foleni moja kwa ajili ya tiketi. Waimbaji wa taarabu waliazima lahani za filamu hizo wakazitia mashairi ya Kiswahili. Baadaye ukaja mkanda wa video, vikaja vibanda umiza, na Tanzania akatokea Lufufu, aliyeweka sauti yake juu ya picha na kusimulia kila kinachosemwa kwa Kiswahili cha mtaani. Kwa watu wengi wa rika fulani, Amitabh ni sura ya Mhindi mrefu na sauti ya Mtanzania wa Dar es Salaam. Anayeandika leo kutoka Tanga "asante kwa utoto wetu" anasema kweli tupu. Utoto ule ulikuwa na picha hizo ndani yake, na hakuna risiti ya tiketi inayofuta deni la namna hiyo.

Kuna jambo la pili upande huu, nalo ni kwamba Amitabh anajibu. Kwa miongo kadhaa amekuwa akitoka langoni kila Jumapili jioni kuwasalimia watu waliokusanyika, na huvua viatu kabla ya kutoka. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba watu huingia hekaluni miguu mitupu, na kwamba hao wanaomngoja ndio hekalu lake. Katika shajara anayoiandika mtandaoni tangu 2008, mashabiki wake wa karibu huwaita familia yake pana, na huwataja kwa majina wanapotimiza mwaka. Mtu mwenye umri zaidi ya miaka 80 anakaa usiku kuandika heri ya siku ya kuzaliwa kwa karani wa mji mdogo asiyewahi kuonana naye. Wanaosema salamu za mashabiki zinapanda tu wala hazishuki, waliangalie hili kwanza.

Na upo mwaka 1982, ambao huwezi kuuelewa uhusiano huu bila kuujua.

Mwishoni mwa Julai mwaka huo Amitabh alikuwa Bangalore akipiga picha za Coolie, filamu ya Manmohan Desai, akiigiza tena kuli, mara hii wa stesheni ya reli, Mwislamu aitwaye Iqbal, na beji yake tena ni 786. Kwenye ngumi za kuigiza na Puneet Issar aliruka vibaya, tumbo likagonga kona ya meza. Utumbo ulipasuka. Alifanyiwa upasuaji, akahamishiwa hospitali ya Breach Candy mjini Bombay, na tarehe 2 Agosti madaktari walifika mahali pa kuamini wamempoteza kabla mapigo hayajarudi. Nje ya hospitali walisimama watu wa kila dini. Misikiti, mahekalu, makanisa na gurdwara, nyumba za ibada za Masingasinga, zilimwombea. Waziri mkuu alikwenda kumtazama. Watu walijipanga kutoa damu.

Vibandani huku kulikuwa na sheria inayojulikana na kila mtoto: steringi hafi. Amitabh alikuwa ameivunja zaidi ya mara moja. Alikufa katika Deewaar, akafa katika Sholay, akafa katika Muqaddar Ka Sikandar, na watu walitoka ukumbini macho mekundu. Mwaka ule hatari ikawa ya kweli. Alipopona, Desai alibadilisha mwisho wa filamu. Iqbal, aliyeandikiwa kufa, akaachwa hai, na Coolie ilipotoka 1983 picha ilisimamishwa pale pale alipoumia ili kila mtu apaone. Tangu hapo mashabiki huadhimisha siku mbili, Oktoba 11 na Agosti 2, na hii ya pili huiita kuzaliwa kwake upya. Mwenyewe huandika kila mwaka kwamba uhai huu alipewa na dua zao. Mimi siwezi kuyapima maombi, lakini naweza kusema hivi: mtu anayeamini kwamba umati ulimwombea akarudi, na umati unaoamini hivyo hivyo, wamefungamana kwa jambo zito kuliko burudani.

Amitabh ameeleza kwamba damu aliyotiwa ilitoka kwa wachangiaji wapatao 200, chupa 60, na kwamba mmoja wao alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Miaka ile vipimo havikuwa kama vya sasa. Aligundua mwaka 2000, alipokwenda kupimwa kwa sababu nyingine, kwamba robo tatu ya ini lake limeharibika. Hajawahi kuwageuzia kibao waliompa damu. Alichofanya ni kulisema jambo hili hadharani, akakubali kuwa balozi wa Shirika la Afya Duniani kuhusu homa ya ini, kama alivyokuwa ametumia sura na sauti yake kwa miaka kwenye kampeni ya chanjo ya polio ya India, nchi iliyothibitishwa kutokuwa na polio mwezi Machi 2014. Mapenzi ya watu kwa mwigizaji yalikuwa mtaji wa afya ya umma. Mama aliyemsikiliza Amitabh kwenye redio alimpeleka mtoto akapate matone mawili. Katika hoja zote za upande wa kushukuru, hii naiona ndiyo yenye matunda yanayoonekana wazi zaidi.

Sasa upande wa pili.

Kolkata kuna hekalu la Amitabh, lililojengwa na chama cha mashabiki wake wa Bengal, na miongoni mwa vilivyohifadhiwa humo ni viatu alivyovaa katika Agneepath ya 1990. Wengine watasema ni mzaha wa mapenzi, na India ina historia ndefu ya kuwapandisha waigizaji juu ya binadamu, hasa kusini, ambako mwigizaji ameweza kutoka kwenye mabango ya sinema hadi kiti cha waziri kiongozi wa jimbo. Amitabh mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Allahabad mwaka 1984 kwa kura nyingi mno, akajiuzulu 1987 katikati ya tuhuma za Bofors, kashfa ya hongo katika ununuzi wa silaha, ambazo baadaye alisafishwa. Wapigakura walimpa kiti kwa sababu ya Vijay, na Vijay hakuwahi kusoma muswada wowote. Shukrani ikishakuwa ibada inapoteza uwezo wa kuuliza, na hapo inaweza kumwumiza hata anayeshukuriwa.

Lakini tazama yaliyotokea mwaka 2021. Amitabh alikuwa akionekana kwenye tangazo la Kamla Pasand, kampuni ya pan masala, mchanganyiko wa popoo na viungo unaotafunwa. Sheria za India zinakataza kutangaza tumbaku, na wapinzani wa tumbaku wamelalamika kwa miaka mingi kwamba matangazo ya bidhaa za aina hii hutumika kuitangaza tumbaku kwa mlango wa nyuma. Shirika moja linalopambana na tumbaku lilimwandikia kumwomba ajitoe. Mashabiki nao walimhoji. Mmoja alimwuliza wazi kwenye ukurasa wake kulikuwa na haja gani, na yeye akamjibu kwa ukali, akisema ni kazi kama kazi nyingine na inawapa watu ajira. Wiki chache baadaye, siku alipotimiza miaka 79, ofisi yake ilitoa taarifa kwamba amejiondoa kwenye mkataba na amerudisha fedha alizolipwa, na kwamba hakuwa amejua tangazo lile ni la namna hiyo.

Nimelifikiria sana tukio hili, kwa sababu linavunja hoja za pande zote mbili. Wanaosema mashabiki ni kondoo waeleze hawa waliomhoji walitoka wapi. Wanaosema siku ya kuzaliwa ya mkongwe si wakati wa kumkosoa, wajiulize zawadi ipi ilikuwa kubwa kwake mwaka ule: maelfu ya picha za keki, au yule mtu mmoja aliyemwambia, mzee, hili halikufai. Katika mila zetu mtoto hamgombezi mzee, lakini kuna namna ya kumketisha, kumwamkia kwanza, ndipo umweleze. Shikamoo haikatazi neno linalofuata. Aliyeuliza swali lile alikuwa shabiki, na naamini aliuliza kwa sababu alimheshimu.

Naja kwenye ile hoja ambayo bado haijajibiwa, na hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa ya salamu za Oktoba 11. Hazikosei kumshukuru Amitabh. Zinakosea kumshukuru peke yake kwa kazi ambayo hakuifanya peke yake.

Chukua Vijay. Hasira ile, maneno yale, yule mama, ile beji, viliandikwa na Salim na Javed kabla Amitabh hajavaa nguo za mhusika. Wakati wa Zanjeer mwandishi wa hadithi hakuwekwa hata kwenye bango. Wenyewe wamesimulia jinsi walivyomkodi mpaka rangi azunguke jijini Bombay na kuandika majina yao juu ya mabango ya filamu yaliyokwisha kubandikwa, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuyachapisha. Leo ukisoma salamu elfu za kumshukuru Amitabh kwa Deewaar, utasikia mistari ya filamu ikinukuliwa neno kwa neno, na mwandishi wa mistari hiyo hatajwi hata mara moja.

Au mchukue A. K. Hangal. Katika Sholay, iliyotoka Agosti 15, 1975 na kukaa kwenye ukumbi wa Minerva mjini Bombay kwa zaidi ya miaka mitano, yeye ndiye imamu kipofu wa kijiji ambaye mwanawe anauawa na majambazi wa Gabbar. Kijiji kizima kimenyamaza mbele ya maiti, naye, asiyeona, anauliza mbona kimya kimekuwa kikubwa hivi. Kila aliyeiona Sholay anakikumbuka kipande kile. Hangal alikuwa mshonaji nguo, mpigania uhuru aliyewahi kufungwa gerezani, mtu wa jukwaani aliyeingia kwenye filamu akikaribia uzeeni na kuigiza katika zaidi ya 200. Mwanzoni mwa 2011 ikajulikana kwamba mzee yule hana fedha za matibabu. Wakubwa wa tasnia walichanga, Amitabh akiwemo kwa mujibu wa magazeti ya India, na serikali ya jimbo ikatoa kidogo. Alifariki Agosti 26, 2012, akiwa na miaka 98. Wachangiaji walifanya vema. Lakini filamu iliyoingiza fedha kwa miaka mitano mfululizo, ikarudiwa kwenye televisheni mara zisizo na idadi, isiweze kumlipia mmoja wa waigizaji wake daktari, hilo halitibiwi na mchango.

Wa mwisho ni Bhagwan Dada, ambaye vijana wengi hawamjui. Ile namna ya Amitabh ya kucheza, mabega yanapanda na kushuka polepole, mikono nusu imekunjwa, miguu haina haraka, inajulikana kwamba inatoka kwa huyu. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, alitengeneza, akaongoza na kuigiza Albela mwaka 1951, ikapata mafanikio makubwa. Alikuwa na jumba kubwa huko huko Juhu na magari saba, moja kwa kila siku ya wiki. Filamu zilizofuata zilimfilisi. Aliuza jumba, akauza magari, akabaki anacheza vipande vidogo vya nyuma katika filamu za wengine, na akafia Februari 2002 kwenye nyumba za vyumba za wafanyakazi, Dadar. Mtindo wake haukufa. Kila anayemwiga Amitabh arusini, Mumbai au Mombasa, anamwiga Bhagwan Dada bila kujua.

Najua jibu la mashabiki, na lina haki ndani yake. Shabiki si mwajiri. Hakuandika mikataba, hakugawa mapato, hana namna ya kumlipa imamu wa Sholay. Kumbebesha aliyetuma "heri ya kuzaliwa" mzigo wa tasnia nzima ni uonevu. Mambo ya malipo ni ya sheria, na sheria hubadilika watu wakizipigania. India ilirekebisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2012 ili waandishi, watunga mashairi ya nyimbo na watunga muziki wabaki na haki ya kulipwa kazi zao zinapotumika tena, na aliyesimama bungeni kuipigania alikuwa Javed Akhtar, yule yule wa mabango ya Zanjeer. Hakusubiri kushukuriwa. Alidai.

Nalikubali jibu hili kwa sehemu kubwa. Ninachoongeza ni kwamba sheria haianzi hewani. Javed alisikilizwa kwa kuwa jina lake lilikwisha kujulikana, na lilijulikana kwa kuwa wakati mmoja alilipaka ukutani kwa nguvu. Mtu asiyetajwa hana wa kumtetea. Sisi watazamaji hatuandiki mikataba, lakini tunaamua nani atakumbukwa, na mara nyingi tasnia humlipa yule ambaye umma unamkumbuka. Kutaja jina hakugharimu chochote.

Haya yanatugusa hapa nyumbani kuliko tunavyokiri. Amri Athumani, King Majuto, mchekeshaji wa Tanzania, alituchekesha miaka mingi, na ucheshi wake ulivuka mipaka hadi Kenya, Burundi na mashariki ya Kongo. Alipougua, akapelekwa India kutibiwa, ndipo umma ukaanza kuuliza kazi zote zile zilimwingizia nini, na serikali ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, yake ikiwemo. Alifariki Agosti 8, 2018. Kenya ilimzika Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa kipindi cha vichekesho cha televisheni, Vitimbi, mwezi Julai 2015, mtu aliyeingia sebuleni kwa watu kwa zaidi ya miaka 30, na miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na macho na uhaba wa fedha. Wote wawili walipata maneno mazuri kwa wingi walipokuwa wamelala. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kujua siku yao ya kuzaliwa? Tunajua ya Amitabh. Sisemi hivi kwa kumwonea wivu Mhindi, maana nimeeleza anachotudai. Nasema kwa kuwa tabia ya kumshukuru msanii angali hai tunayo tayari, ila tumeielekeza ng'ambo.

Mfano wa shukrani iliyokwenda mbali zaidi ya salamu upo. Amitabh alipofikisha miaka 80, Oktoba 2022, taasisi ya Film Heritage Foundation ya Mumbai ilirudisha filamu zake 11 kwenye kumbi za sinema katika miji 17 ya India, kuanzia Oktoba 8 hadi siku yenyewe ya kuzaliwa. Watu waliokuwa hawajazaliwa 1975 waliiona Deewaar kwenye pazia kubwa, wengine wakaacha viti wakacheza. Sifa ya jambo lile ni kwamba filamu ilionyeshwa nzima. Majina yote yalipita kwenye pazia, ya mwandishi, ya mpiga picha, ya mtunga muziki, ya mzee aliyeigiza dakika tano. Ukimtuza mtu kwa kuonyesha kazi yake, huwezi kumwacha nje aliyeifanya naye.

Sioni kinachotuzuia sisi. Mashirika ya utangazaji ya Kenya na Tanzania yana hazina ya miaka mingi, Vitimbi na Vioja Mahakamani upande mmoja, michezo ya redio kama Pwagu na Pwaguzi upande wa pili, na wapo waigizaji wa vizazi vile ambao bado wako nasi. Mtu akitimiza miaka 70 au 80, shirika litoe vipindi vyake hewani wiki nzima, litaje kila aliyeshiriki, na limlipe kwa marudio hayo. Tanzania ina sheria ya hakimiliki na hakishiriki tangu 1999, Kenya ina chama cha kukusanya malipo ya waigizaji na watumbuizaji. Vyombo vipo. Mashabiki wakianza kuuliza hadharani kwa nini kipindi kinarudiwa bila malipo, kama walivyomwuliza Amitabh kuhusu pan masala, kuna watu watalazimika kujibu.

Hadi hapo, anayetaka kumwandikia Amitabh amwandikie, na aandike vizuri: ataje filamu, ataje kipande, ataje kilichomfanya akikumbuke. Na akishamaliza Oktoba 11, kalenda ya Zanjeer, Deewaar na Sholay ina tarehe nyingine mbili. Salim Khan alizaliwa Novemba 24, 1935, na Javed Akhtar Januari 17, 1945.